Wanataka Niache Kupiga Picha, Nami Nataka Kwenda Kusomea

Dada huyu wa Pemba ametutaka tulifiche jina lake, na tumelificha. Wasomaji, mpeni maoni yenu.

Bwana Mhariri, mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, nakaa Chake Chake na mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyetuchukua nyumbani kwake akatulea. Fadhila zake sizikani.

Mjomba wangu ni baharia. Aliporudi safari moja aliniletea kamera ya sanduku, ile ya kushika kiunoni na kuchungulia kwa juu. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mbuzi hana kichwa, bibi ana pua mbili kwa sababu alitikisika, na mama uso mweusi kama sufuria. Bi Gulbanu, mke wa Mhindi mwenye duka la picha, aliziangalia akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, "Mama umempa jua mgongoni, bibie. Jua liwe nyuma yako wewe. Na ukibonyeza, usipumue."

Basi nikajifunza. Nilipiga kuku, nikapiga majirani wakitwanga, nikapiga ukuta mmoja asubuhi na adhuhuri nione kivuli kinakwendaje. Nilikuwa naharibu, naulizia, narudia. Mwaka haukwisha, watu wakaanza kuwa na vichwa vyao.

Ami alipomuoza binti yake, wanawake walicheza uani mchana kweupe, vichwa wazi, kanga kifuani, maana hapakuwa na mwanamume. Wenyewe wakanivuta, "Nipige na mie! Na mie!" Nikapiga. Picha zilitoka nzuri, sijapata kupiga kama zile. Bibi harusi kainamisha shingo, hina yaonekana mpaka kwenye kucha.

Ami alizipokea kwa furaha. Halafu akauliza, "Nani kazisafisha hizi?"

Nikasema, "Mume wa Bi Gulbanu."

Alizikusanya mkononi. Kisha akazichana zote, moja moja, mbele yangu. "Mwanamume kawaona wanawake wa nyumba yangu vichwa wazi," alisema, "na aliyemfungulia mlango ni weye!"

Neno lake lilikuwa kweli, na katika sisi wote tuliokuwa uani hakuna aliyelifikiria. Jirani mmoja aliyepiga vigelegele mbele ya kamera yangu mpaka leo haitiki salamu yangu. Ami akaniamuru niitoe kamera nyumbani.

Niliitoa, nikaipeleka kwa Bi Gulbanu, nikamwambia, "Nifundishe kusafisha mwenyewe." Ikiwa kosa ni jicho la mwanamume, dawa yake ni mimi kuijua kazi yote, si kuiacha. Mumewe akitoka, tulikuwa tunajifungia mimi na yeye katika chumba cha giza. Filamu ya kwanza niliiunguza kwa kufungua mlango kabla ya wakati. Ya pili ilitoka na mabaka. Siku niliyomuona mama anajitokeza kidogo kidogo kwenye karatasi ndani ya maji ya dawa, chini ya taa nyekundu isiyounguza picha, nililia.

Sasa Bi Gulbanu ana dada yake Unguja, mjane, anaendesha studio mwenyewe. Kakubali kunichukua mwaka mzima anifundishe kazi barabara. Nikirudi, wanawake wa Pemba watapigwa picha na mwanamke, zisafishwe na mwanamke, wapewe mkononi.

Mchumba wangu ni mwalimu wa skuli. Nilidhani yeye atanielewa. Akasema, "Mke wangu hatanuka madawa ya picha."

Nikamwambia, "Basi katafute asiyenuka." Pete nimemrejeshea. Hilo siwaulizi.

Linaloniuma ni hili. Nilipomweleza ami, hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Ukipanda meli ya Unguja, mama yako naye atoke nyumbani kwangu. Nisilee mama wa mtu asiyenitii."

Mama miguu yake haina nguvu tena. Kwao ni kijiji cha Vitongoji, kuna nyumba ya mjomba, lakini mjomba yuko baharini na nyumba inavuja. Nikamuuliza, "Mama, niache?"

Akasema, "Mie n'liozwa sijaulizwa. Weye umeulizwa kama utakwenda, kisha wataka kukataa? Nenda, mwanangu. Vitongoji ndiko n'likozaliwa, hakunifukuzi mtu." Lakini usoni pake niliona hofu. Mimi nyuso ndiyo kazi yangu, nazijua.

Nishaurini, enyi wazazi na ndugu zangu. Nifanye nini? Nimhamishie mama Vitongoji kwenye nyumba inayovuja, niende? Nimchukue twende naye Unguja, tukaishi kwa watu tusiowajua? Au kuna mzee miongoni mwenu anayejua neno la kumwambia ami akalainika, kwa kuwa kumvunjia heshima sitaki?

Semeni lolote juu ya mama. Ila anayekusudia kuniandikia kwamba niiache kamera, namwomba asipoteze wino wake.