Mkono wa Msaji

Baba yangu alikuwa fundi wa milango ya nakshi tangu Unguja, na hapa Ibra, Omani, watu wa mbali wakimfuata. Maua, minyororo, aya za Kurani, yote akichonga. Chenye roho hakuchonga abadan. Hata samaki, ambao mafundi wenzake wakiwatia mlangoni, yeye aliwaruka.

Miaka ya tisini Mhispania mmoja, mhandisi katika mji wa Sur, alimletea ubao umefungwa blanketi. Urithi wa bibi yake, alisema, wa zaidi ya miaka mia nne. Bibi Maryamu kampakata mwanawe maiti, wamechongwa nusu wametoka ubaoni, wamepakwa rangi ya ngozi hasa. Katika kuhama nyumba ubao ulianguka, mkono mmoja wa Bibi Maryamu ukavunjika ukapotea. Alitaka achongewe mwengine.

Baba alisema sisi hatusemi kuwa Nabii Isa aliuawa, lakini mama kumpakata mwanawe aliyekufa, hilo lipo. Alikaa na ule ubao siku mbili bila kushika patasi. Akaniita anionyeshe nguo ya Bibi Maryamu: fundi katandika dhahabu kwanza, kaifunika kwa buluu, kisha kaikwangua buluu kwa ncha ili dhahabu ichungulie.

"Huyu alikuwa na subira," akasema.

Mie nilikuwa mwalimu mpya wa dini, nimetoka chuoni kichwa kimejaa halali na haramu. Nikamwambia amrejeshee kafiri sanamu lake. Nilikuwa na ulimi mkali, nakiri.

"Mkono hauna roho," mama akanijibu badala ya baba. Akakaa mkekani, baba akampakatisha tikiti mahali pa kichwa cha maiti, akaanza kuchonga kipande cha msaji huku anamtazama. Mama akamtania: "Miaka thalathini unakula nilichopika, leo ndio umeuona mkono uliokipika."

Mkono ulitoka wake mtupu, vifundo vimevimba, kidole cha shahada kimepinda. Ukawa mzee mno kwa Bibi Maryamu. Baba akachonga wa pili, mwembamba, na Mhispania akauchukua pamoja na ubao wake, aende akaupake rangi kwao. Ule wa kwanza baba akauweka rafuni, karibu na randa zake.

Nami kila nikipita nauona. Nikajiambia nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Asubuhi moja nikauficha ndani ya buibui langu, nikautia katika moto wa makuti ya mitende shambani kwetu. Nilisimama mpaka ukawa jivu, nikijiona mcha Mungu. Sikumwambia mtu.

Mwaka ule ule mama akafa kwa sukari. Siku ya nne, watu wa matanga wameshaondoka, baba aliingia karakana, akakaa humo muda mrefu.

"Mwanangu," akasema alipotoka, "ule mkono wa mama yako uko wapi?"

Nilishindwa kumwambia. "Labda Mhispania kachukua yote miwili," nikasema.

Basi baba, maskini, akanitaka nimwandikie barua, kwa kuwa Kiingereza nakijua mie. Nikaiandika kwa hati nzuri: mke wa fundi amefariki, na fundi anaomba arejeshewe mkono aliouchonga kwa kumtazama yeye.

Baada ya miezi mitatu kilikuja kifurushi. Ndani ya pamba mlikuwa na mkono mwembamba wa kijana, umepakwa rangi ya ngozi, kucha zina wekundu, na penye kifundo pana alama mpya ya msumeno. Yule mtu kaukata kutoka katika urithi wa bibi yake. Aliandika mistari miwili: anampa baba pole, na mkono alionao ni huo tu, hana mwengine. Nilimsomea baba pole. Mstari wa pili niliuruka.

Baba aliugeuzageuza ule mkono, kisha akaurudisha katika pamba. "Siwo," akasema. "Kakosea, wetu kabaki nao. Mwandikie tena."

Niliandika mbele yake, akaniombea dua. Sikuipeleka posta. Kila nikirudi skuli akiniuliza kama majibu yamekuja. "Bado, baba," nikimjibu, na nilimjibu hivyo miaka minne, mpaka tulipomzika.