Kope za Nyamizi wa Usinge

Safari ilianza kwa sababu ya Maganga, mkulima wa Usinge, aliyefika hospitalini kwetu Tabora bila mgonjwa. Mkewe, Nyamizi, alikuwa ameitwa mvivu mbele ya mkutano wa kijiji. Kila siku asubuhi alilima shamba la ujamaa vizuri. Mchana jembe lilimponyoka. Kamati ilitaka kumnyima fungu lake la mavuno.

"Hata mimi nilianza kuwaamini," alisema Maganga.

Kesho yake tulipanda treni ya Kigoma. Reli inafuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Dirishani ni miombo tu, na mizinga ya nyuki mitini. Maganga alinieleza kwamba siku hizi mkewe hushikilia taya kwa mkono ili atafune.

Tulifika Usinge mchana. Mwenyekiti wa kijiji alitungoja stesheni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, ndugu daktari. Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kumpima."

Nyumbani kwao, Nyamizi alitukaribisha kwa sauti ya puani. Kope zilimfunika nusu ya macho. Nilimwambia atazame juu tu. Kope zikashuka hadi zikayafunga macho. Mikono aliyoinyoosha nayo ikateremka, huku akijitahidi kuizuia. Nikamchoma sindano ya neostigmini, tukangoja.

Uji ulikuwa haujaiva jikoni alipofumbua macho yote mawili.

"Maganga," alisema, sauti imemtoka safi, "mbona umekonda hivi?"

Maganga alitoka nje.

"Umempa dawa ya nguvu," alisema mwenyekiti.

"Hapana, nguvu anazo. Juu ya chembe za msuli kuna vipokezi. Neva hutoa kemikali, vipokezi huinasa, ndipo msuli hukaza. Vyake vingi vimeharibika. Sindano huifanya kemikali ikawie, vile vichache vilivyobaki viwahi kuinasa."

"Ikiisha?"

"Kope zitaanguka tena."

Mwenyekiti akaketi kuhakikisha. Jioni zilipoanguka, alimsemesha Nyamizi kwa Kinyamwezi, taratibu. Nilimwuliza Maganga amesema nini.

"Amemwomba radhi."

Tulirudi Tabora watatu, ili Nyamizi aanzishiwe vidonge. Hakupona, aliishi kwa vidonge hivyo, siku nyingine vizuri, nyingine vibaya, na fungu lake la mavuno hakunyimwa.

Vipokezi nilivisoma darasani. Usinge nilijifunza kuuliza. Mtu akiniambia amechoka, namwuliza aliamkaje na jioni yuko vipi. Kisha namwomba atazame juu.