Miti Sita na Kopo la Dawa ya Viatu

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa nang'arisha viatu vya shule vya mwanangu. Ile harufu iliponipanda puani nikakiacha kiatu, nikakaa chini, nikalia. Mtu mzima analilia dawa ya viatu? Ngoja nikwambie.

Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Levolosi. Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya mbao upande wa Olmotonyi, na kila jioni alirudi na vipande mfukoni. Mama akipika makande, baba ananifumba macho kwa kiganja na kunipitishia kipande puani. "Hii?" Mwerezi ulinukia penseli mpya, mkulo ulinukia dawa ya kuchua kifua. Nikipatia, anacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ikifungulia biashara huria. Karakana ikauzwa, baba akapunguzwa. Masika yote alikaa nyumbani akiunganisha vile vipande kwa gundi na kuvipiga msasa. Kikatoka kitu cha kuweka mezani, si twiga wala Mmasai. Miti sita imepindana na kukumbatiana, mwekundu, wa njano, wa kahawia. Nilipouliza ni nini, alisema, "Ni harufu zako hizo, mama."

Mwenye duka la vinyago mjini hata hakukishika. "Mzee, wazungu wanataka mpingo. Mchanganyiko huu nani ataununua?" Baba akarudi nacho, akasusa chakula. Mama akamtolea maneno makali. Na mimi, kiherehere changu! Kesho yake walipotoka nikachukua kopo la dawa nyeusi na kitambaa, nikasugua mti mmoja mmoja mpaka yote ikawa mpingo. Nilitaka baba ale, basi.

Aliporudi alikinyanyua, akakinusa. "Umefanya wewe?" Mama ndiye aliyepiga vigelegele: "Mtoto ana akili huyu!" Dukani kilichukuliwa papo hapo, wakaagiza vingine kumi. Vyeusi. Tangu hapo baba alichonga mti wowote wa bei rahisi na kuupaka. Tulikula vizuri, sikatai, na mimi nikasoma. Ila hakunifumba macho tena. Nilijichukia kwa hilo, na hadi leo najichukia.

Sasa karakana haipo, na hiyo mikulo ukiitafuta mlimani utachoka. Hayo yote ningeyavumilia.

Mwaka aliougua baba, nikiwa nimekaa kitandani kwake, ghafla kiganja kikanifunika macho. "Hii?" Nikavuta pumzi. Mungu wangu, nilivyotaka kupatia! Nikavuta tena. Iliyokuja ni dawa ya viatu tu, iliyoganda vidoleni mwake miaka yote ile.

"Sijui, baba."

Akakirudisha kipande chini ya mto.

"Mwerezi, mama," akasema. "Ule wa penseli."