Jua la Florida Limo Ndani ya Mshahara

Naikumbuka siku niliyoanza kukataa kahawa, mwanangu Rehema, na leo nakusimulia kwa sababu Ijumaa unatakiwa uwajibu wale watu wa Florida wanaokutaka kazini kwao.

Nilikuwa binti kama wewe, nesi wa kukodiwa. Wakala wa hapa Stockholm alinipeleka mji mdogo wa kaskazini, miezi mitatu ya baridi, kwa malipo yaliyokaribia mara mbili ya wanayopata manesi wa kule. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu mimi hodari. Cheka tu, nami nacheka.

Katikati ya asubuhi ya kwanza wodi nzima ilikwenda kukaa mezani kunywa kahawa, yale mapumziko ya Waswidi yanayoitwa fika, uliyoyazoea tangu chekechea. Mimi nikakataa. Niliona mtu anayelipwa kwa saa, tena malipo yale, akionekana na kikombe mkononi atasemwa. Tulivyolelewa sisi, mgeni kazini hakai. Nikaendelea kugawa dawa na kutandika vitanda, kesho yake hivyo hivyo, wiki ikaisha, nikijiona nawafurahisha. Wao wakawa wananisalimu kwa kutikisa kichwa tu.

Pale palikuwa na mama mmoja wa Burundi, Mama Espérance, msaidizi wa wauguzi, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alinikuta na mashuka mkononi, akayachukua, akayaweka kitandani.

“Wewe binti, unajificha ndani ya kazi,” akaniambia. “Wale wanajua unalipwa kuwapita. Sasa na kahawa yao unaikataa. Wanasema unawadharau. Kuja ukae.”

Niliona aibu, mwanangu, masikio yakaniwaka na baridi yote ile. Nikakaa. Nikapewa kikombe na mkate wa mdalasini. Maongezi yalikuwa ya theluji na mbwa wa mtu, mpaka nesi mmoja akamtaja mzee wa chumba cha mwisho. Akasema yule ukimuuliza kama anaumwa, atakujibu hapana hata akiwa na maumivu makali. Umtazame mkono anaposhika kijiko, akasema, ukitetemeka ujue anaumwa. Kila asubuhi nilikuwa nikimuuliza. Kila asubuhi alijibu hapana, nami nikaenda zangu. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu pale mezani isipokuwa mimi, niliyekuwa nalipwa kuliko wote.

Niliuacha mkate nikaenda kwake. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikamwita daktari, mzee akapewa dawa, na jioni ile alikula chakula chake chote. Sijamsahau hadi leo.

Sasa wewe. Jumapili ulikuja hapa kwangu Bredäng, ukala wali wangu sahani mbili, kisha ukanionyesha simu umenuna. “Men moster,” yaani lakini mama mdogo, ukaniambia, maana Kiswidi kinakutoka ukikasirika, “kwa nini Florida wanalipa kidogo kuliko majimbo ya baridi?” Kwa sababu jua wamelikata humo humo kwenye mshahara, mwanangu. Mahali panapopendwa na kila mtu hawana haja ya kumbembeleza nesi. Mimi kule kaskazini nilibembelezwa kwa kuwa hakuna aliyetaka kwenda. Kiwango kiwe kikubwa au kidogo, hakisemi lolote juu yako. Kinasema tu wamehangaika kiasi gani kupata mtu.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa waulize. Katika ile pesa ya wiki, mshahara wenyewe ni upi, na ya nyumba na chakula ni ipi? Wakifuta zamu yako kwa kuwa wagonjwa wamepungua, watakulipa? Wakivunja mkataba katikati, nyumba uliyopanga atailipia nani? Usione haya kuuliza. Kazi umeisomea na mtihani wao umeufaulu. Na tafadhali usiitangaze ile pesa kwa ukoo. Mimi niliitangaza, na kabla sijalipwa mjomba wako alikuwa ameshaahidi kuezeka nyumba.

Sitaki uende, nakwambia wazi. Jumapili nitampikia nani? Lakini majibu yao yakikuridhisha, nenda. Mimi mzaliwa wa Tanga siwezi kumnyima mtu joto. Ila siku ya kwanza, kabla hujaanza kuonyesha uhodari, tafuta wenzako wanapokaa, ukae nao. Labda Wamarekani hawana fika, lakini hawakosi pa kulia chakula. Kwao utakuwa mgeni anayelipwa vizuri, na watakutazama hivyo mpaka uwape sababu ya kukutazama vingine. Mgonjwa yeye hajui unalipwa nini. Anachotaka ni nesi aliyeambiwa habari zake.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mikono myepesi na wenzako wema, na kila utakayemsogelea kitandani ajione amefikiwa na mtu wake. Na ukirudi, hata iwe Januari yenye giza mchana kutwa, ufunguo wa hapa unao, na kahawa ipo.