Zimwi Lilipojibu Mezani Kwangu

Nyumba yangu ya Sofu, hapa Kibaha, nimeijenga kwa mihogo ya shamba langu la Maneromango, na darasa langu la nne hilo hilo. Nasema hivyo ujue kwamba anayeandika hapa hajazoea kuinamisha kichwa. Lakini hili limeniinamisha. Likinijia nikiwa naosha vyombo, naacha sufuria nakaa chini.

Naishi na mjukuu wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi. Namwita mke mwenzangu, yeye ananiita bibi. Ni mkimya. Tangu ahamishiwe kufundisha huku hakuwa na rafiki. Akitoka shule anasahihisha madaftari, basi. Kisha akapata wenzake watatu wa mchezo, wakawa wanakuja kwangu kila Jumamosi mchana. Nikaanza kumsikia akicheka. Hicho tu kilinitosha kuwachemshia chai.

Mchezo wenyewe si bao wala karata. Kila mtu ana karatasi ya mtu wake wa kubuni: nguvu zake, mali zake, majeraha yake. Watu hao wanasafiri pamoja na kupigana na majambazi na mazimwi, na dadu ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kakosa. Mmoja tu hana mtu wake. Huyo ni mwongozaji, anasimulia safari na kuwachezea maadui wote. Mwongozaji wao alikuwa muuguzi, msichana wa bara anayekaa Pangani, hii hii ya Kibaha.

Mtu wa mjukuu wangu alikuwa mganga wa kike. Alimtunza mwaka mzima na zaidi, karatasi imechakaa mpaka kaibandika gundi. Lilibaki pambano moja tu mganga afike kwao. Na sheria yao ni kwamba mtu akifa amekufa, karatasi inachanwa.

Siku hiyo mwenzao mmoja alibanwa na kazi Dar. Nikasema nipeni mimi nafasi yake, kuna ugumu gani. Wakanipa mwanamke mwenye panga, nikampenda.

Mjukuu wangu akanieleza. Zamu yako ikifika, una tendo moja kubwa, kama kupiga. Ukitaka, unaongeza tendo la haraka: kuokota kitu, kunywa dawa, kusukuma mlango. Ila ukifanya la haraka na adui yuko karibu yako, adui anajibu hapo hapo, hangoji zamu yake, na anaweza kumpiga yeyote aliye karibu naye. Alinieleza mara tatu. Mara ya tatu alipanga vifuniko vya soda mezani nione nani kasimama wapi. Nikamwambia nimeelewa, mimi si mtoto wa chekechea.

Tukakutana na zimwi. Mganga alikuwa pembeni yangu, ana majeraha, pigo moja linammaliza. Zamu yangu ikafika, nikapiga, nikapata, wote wakafurahi. Mwongozaji akasema zimwi limeangusha upanga wa dhahabu.

"Naokota," nikasema.

Mjukuu wangu akanishika mkono. "Bibi, subiri kwanza."

Nikauvuta mkono wangu. Mimi ni mtu wa kutangulia, shambani na jikoni, sijawahi kusubiri kuambiwa. Muuguzi akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, tena akinichelewesha atakunywa chai ya baridi.

Basi zimwi likajibu. Muuguzi akatupa dadu. Likampata mganga.

Mjukuu wangu aliichukua karatasi yake akawa anaitazama tu. Niliona uso wake. Badala ya kumwambia pole, nikasema hakuna aliyenieleza sheria hiyo. Halafu nikamgeukia muuguzi.

"Ndiyo nyie watu wa bara. Mnakuja huku na begi tupu, mnaishi kwa kutudhulumu."

Wao na sisi wa pwani ni watani. Msibani tunaambiana makubwa kuliko hayo na watu wanacheka. Lakini utani una sura yake, na yangu siku ile haikuwa nayo. Muuguzi hakucheka. Nikasema ni utani tu huo, mwanangu, na kila mtu mezani alijua siyo. Wote walinisikia nikielezwa mara tatu.

Mjukuu wangu akaviangalia vifuniko vya soda. "Labda sikueleza vizuri," akasema.

Alidanganya mbele ya rafiki zake ili anifunike mimi. Hapo ndipo aibu iliponiingia, na haijatoka.

Muuguzi akakusanya dadu zake, akashukuru kwa chai, akaenda. Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu alipanga viti. Jioni akavirudisha kimoja kimoja. Hakunilaumu. Ila nikimwita mke mwenzangu, alikuwa anaitika "abee", kama anaitwa na mzee wa nyumba nyingine.

Nikaenda Maneromango nikachimba mihogo, nikapanda bodaboda mpaka Pangani. Nilimkuta muuguzi anaanika sare zake. Akaniamkia, nikaitikia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimepanga kuanza na uzee wangu, kwamba sisi wazee michezo yenu hatuielewi. Akanitangulia.

"Usijali, bibi. Mimi ndiye mwongozaji, nilitakiwa nikukumbushe."

Mlango huo, kaufungua mwenyewe. Ulimi wangu ulishaandaa kusema ni kweli, hukunikumbusha. Niliuhisi umesogea. Nikatazama kamba ya nguo: sare mbili, shuka, kanga moja. Nikazihesabu tena kuanzia mwanzo.

"Nilikumbushwa," nikasema. "Nilidanganya. Na lile la begi halikuwa utani."

Alirudi kunyoosha shuka kambani, hakunisaidia. Kisha akakitazama kiroba cha mihogo miguuni pangu.

"Angalau leo mtani wangu hukuja na begi tupu," akasema. Hakutabasamu sawasawa. Nilistahili.

Jumamosi walikuja. Mganga hakufufuliwa, na mimi sikuomba afufuliwe. Mjukuu wangu aliichana karatasi mwenyewe, vipande vinne, akavuta karatasi mpya. Walinikaribisha mezani nikakataa. Nikawa jikoni na mihogo yangu.

"Mke mwenzangu," nikaita, "chai tayari."

Hakujibu upesi. Nikafungua mdomo nimwite tena, nikaufunga. Nikasubiri.