Matembezi ya Bwana Barua

Kwa miaka thelathini na moja alisambaza barua, na hata alipostaafu miguu yake haikupata habari. Kila asubuhi, chai ikishashuka, ilimtoa nje na kumpitisha njia ile ile: kushoto kwenye karakana ya baiskeli, juu kwenye ngazi za mawe, hadi nyumba ya mwisho yenye lango la kijani. Mtaa mzima ulimwita Bwana Barua, ingawa mkononi hakuwa tena na kitu.

Maradhi yalipoingia mjini, watu wa umri wake waliambiwa wasitoke. Aliishi na mjane wa mwanawe, mfuaji wa mashuka hospitalini. Kila jioni mkwe huyo alivua viatu nje, akaloweka nguo kwenye ndoo, akaoga, ndipo akamsalimia.

"Miguu yangu mwenyewe," mzee alilalamika. "Nimekosa nini mpaka nifungwe?"

"Hujakosa kitu, baba. Ila leo nimekunja mashuka mpaka vidole vimekufa ganzi."

Mzee akanuna, akageukia dirisha.

Wiki ya tatu uzalendo ukamshinda. Mkwewe alipokwenda kazini, naye akatoka. Mtaa ulikuwa mtupu, kama uliofuliwa ukaanikwa. Ukungu ulitambaa chini chini, mapazia yalipumua madirishani, na vishindo vya hatua zake vilimrudia kutoka kwenye kuta kana kwamba kijana fulani alitembea ng'ambo ya pili akimsindikiza. Alijihisi mwepesi. Begani alisikia uzito wa mkoba ambao haukuwepo.

Alipofika kwenye lango la kijani alishika komeo. Dirisha la juu likafunguka. Alikuwa fundi cherehani, rafiki yake wa siku nyingi.

"Bwana Barua! Jamani, nilivyokukumbuka!" Kisha uso ukambadilika. "Lakini usifungue, tafadhali. Dada yangu yumo ndani, na kifua chake unakijua."

"Mimi mzima kabisa. Nitakaa barazani tu."

"Najua u mzima. Unaishi na nani?"

Mzee aliiona akilini ile ndoo, maji yake ya povu, na mikono ya mkwewe ndani yake. Hakuwa amefikiri kwamba alitoka na nyumba yake nzima mwilini. Akaliachia komeo taratibu, akalifuta kwa leso, akarudi nyuma hatua kadhaa. Wakapiga soga hivyo hivyo, yeye barabarani na fundi juu, wakipaza sauti kama watu waliotenganishwa na mto.

Jioni alimweleza mkwewe yote.

"Ulimgusa mtu?"

"Komeo tu."

"Basi kaa chumbani siku chache. Si adhabu, baba. Tuangalie tu."

Siku ya nne homa ikamwangusha. Mkwewe naye akaanza kukohoa, akaambiwa asifike kazini. Yeye maradhi yakampitia juu juu. Aliweka kigoda nje ya mlango wa mzee akakaa hapo, saa kwa saa, akimsikiliza anavyopumua.

Ndani, mzee alitembea. Kitanda kilimpeleka mtaa kwa mtaa, akipenyeza bahasha chini ya milango iliyong'aa kama maji, na wenye nyumba waliokwisha kufa walitoka kumpungia mkono.

"Umefika wapi, baba?" mkwewe aliuliza kutoka mlangoni, alipomsikia akiweweseka.

"Kwenye ngazi."

"Pumzika hapo kwanza. Usiende mbali."

Homa ilipolegea kidogo, alikumbuka kifua cha yule dada wa fundi, akatetemeka zaidi kuliko alivyotetemeka kwa ugonjwa. Alilia kimya kimya, uso kwenye mto.

Alitoka chumbani siku ya kumi na sita, amekonda, akishika ukuta. Fundi alipiga simu: wote kwake walikuwa salama, na dada alimuulizia.

"Anataka kujua utakuja lini."

Mzee alimtazama mkwewe, aliyekuwa akikoroga uji. "Muulize huyu hapa," alisema. "Mimi siku hizi natoka kwa ruhusa."

Mkwewe akacheka, akaichukua simu.