Jina la Mama Yangu

Huku Embu nilikoolewa, binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo mwanangu, binti yangu wa pili, alikuwa na jina kabla hajazaliwa, na mdomo wangu ulikuwa umeshalizoea. Aliyelikataa ni mama mkwe.

"Sikia, mama, hiyo jina tuachane nayo," aliniambia alipokuja kumwona mtoto nyumbani kwetu Kianjokoma. "Itamletea hiyo ugonjwa."

Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na hofu. Mama yangu, anayeishi kijijini Nkubu, kope humwangukia ikifika jioni, sauti ikafifia, hata kijiko kikamshinda. Kinga ya mwili wake, badala ya kupigana na maradhi, hupigana na mahali neva zinapokutana na misuli. Dada yake naye aliugua hivyo hivyo, na majirani wakanong'ona kuwa ni laana. Minong'ono hiyo ilinichoma tangu usichana. Nilipopata mimba nilimuuliza daktari bila kumung'unya maneno. Akasema ugonjwa huu ni wa nadra, na wenyewe haurithiwi. Kinachoweza kurithiwa ni wepesi wa kuupata, na wengi wenye wepesi huo huzeeka salama.

Nikamgeukia mama mkwe. "Ile kahawa yako ya zamani, si inashikwa na magonjwa haraka kuliko hii mpya?"

"Inashikwa, mvua ikizidi."

"Miti yote?"

"Wapi! Si yote."

"Na mbona hujaing'oa?"

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kuku wake mwenyewe. "Si hiyo ndio iko na harufu ya kahawa."

"Basi. Jina halina damu, mama. Damu ya mama yangu, shosho yake, anayo tayari, tumwite tutakavyomwita."

Alicheka, akasema mdomo wangu utanifikisha bungeni, kisha akamwita mtoto kwa jina lile. Mimi pia niliogopa, na bado naogopa siku nyingine. Lakini sikukubali hofu ndiyo imchagulie mwanangu jina.

Tulipompeleka mtoto kwa mama huko Nkubu, jua lilikuwa linashuka, na kope za mama zilikuwa zimeshafunga. Nilimpakatisha mtoto, nikamwambia anaitwa nani.

"Hata na haya macho yangu?" akauliza, kwa sauti iliyobaki kidogo.

"Hata na hayo."

Akainua kope moja kwa kidole, akamtazama vizuri, akaliita jina lake mwenyewe.